Kibumba: mwanafunzi aacha historia ya vita vyote, achagua ya maji

Kanyaruchinya, teritwari ya Nyiragongo. Karatasi ilirudi na mstari mmoja wa biki nyekundu chini ya kichwa. Kichwa kilisema: « Historia ya vita katika Kivu ya Kaskazini tangu mwaka 1993 hadi leo ». Direkta wa kazi hakukifuta. Alikipigia mstari tu, na pembeni akaandika: « Vita hivi vina miaka 30. Weye uko na miezi mitano. Utaanzia wapi? »

Mwanafunzi aliyepokea karatasi hiyo, mwaka 2023, ni kijana wa Kibumba. Jina lake halitajwi hapa, kwa sababu jamaa yake ingali inahamahama. Alikuwa anamaliza masomo ya historia katika chuo kimoja cha Goma, na alikuwa anakaa katika kambi ya wahami ya Kanyaruchinya pamoja na mama yake, wadogo wake watatu, na mama mzee aliyemzaa mama yake, ambaye jamaa yote inamwita Tate.

Walitoka Kibumba mwezi wa kumi na moja 2022, wakati mapigano yalishuka kwenye barabara ya Rutshuru kuelekea Goma. Walitembea kwa miguu. Tate peke yake alipandishwa juu ya chukudu, amekaa kati ya godoro na mfuko wa viazi, ameshika sufuria magotini. Kaye za masomo za miaka miwili zilibaki chini ya kitanda. Walipofika Kanyaruchinya walipata nafasi ya kusimamisha shitingi juu ya mawe ya volkano, karibu na njia ambamo moto wa Nyiragongo ulipita tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Kila mhami aliyekaa pale anajua mawe hayo: kijiti cha hema hakiingii, na mtu akilala anahesabu mbavu zake.

Basi wakati chuo kilimwomba mada ya kazi ya mwisho wa masomo, ile wanafunzi wanaita TFC, hakufikiri sana. Aliandika vita. Vyote. Aliona kwamba mtu aliyefukuzwa kwao hawezi kuandika juu ya kitu kidogo. Kwake, mada ndogo ilikuwa sawa na kusema kwamba mateso nayo ni madogo.

Alijaribu kwa majuma sita. Aliazima vitabu, akasoma ripoti kwenye simu ya rafiki, akaandika usiku kwa mwanga wa tochi. Zilitoka kurasa 14. Mwaka 1993, vurugu za Walikale na Masisi. Mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda. Mwaka 1996, vita vya AFDL. Mwaka 1998, vita vya pili na RCD. Kisha CNDP, kisha M23 kuingia Goma tarehe 20 mwezi wa kumi na moja 2012, kisha kurudi kwa mapigano mwishoni mwa 2021. Kila mwaka ulipata aya yake, na kila aya ilisema mambo ambayo msomaji wa Goma anayajua tangu utoto.

Direkta wake ni mtu wa maneno machache. Alisoma kurasa zote 14 mbele yake, katika ofisi yenye meza moja na viti viwili. Alipomaliza aliuliza: « Ukitoa jina lako hapa na kuweka jina la mutu wa Bruxelles, nini itabadilika? » Mwanafunzi alinyamaza. « Kibumba umeiandika mara ngapi? » Walihesabu pamoja. Mara mbili. Zote mbili ndani ya orodha ya majina ya vijiji.

Siku hiyo alimpa njia ambayo wanafunzi wengi wa chuo hicho sasa wanaijua kwa kichwa. Kukata mara nne. Kwanza kata mahali: si Kivu, si teritwari, ni grupema moja au hata mlima mmoja. Pili kata muda: tafuta siku jambo lilipoanza na siku lilipoisha. Tatu kata watu: si « wakaaji », bali ni wakaaji gani, wanawake au wanaume, wenye mashamba au wapagazi. Nne, baki na swali moja ambalo jibu lake hulijui. Hiyo ya nne, alisema, ndiyo ngumu. Wanafunzi wengi wanachagua swali ambalo jibu lake wanalo tayari mfukoni.

Mwanafunzi alitoka ofisini amekasirika. Alimwambia mwenzake mmoja kwamba mwalimu huyu hajawahi kulala chini ya shitingi.

Mada yenyewe ilimkuta kwenye mstari wa maji.

Ilikuwa asubuhi, bido za manjano zimepangwa mbele ya robinet kwa urefu wa hema ishirini. Tate alikuwa amekaa juu ya bido yake tupu. Wanawake wawili walianza kugombana kuhusu nani alifika mbele. Tate aliwatazama, akasema polepole: « Ni kama 94. Ila wakati ule, mustari ilikuwa kwangu. »

Mjukuu wake alimwomba arudilie. Mama mzee akarudilia, akaongeza kwamba mwezi wa saba wa mwaka ule watu walisimama mbele ya siterni yake tangu usiku.

Hapa inafaa kukumbusha jambo ambalo watu wa Kibumba wanalijua, lakini mtu wa mjini anaweza kulisahau. Udongo wa kule ni mzuri, unatoa mashu, poaro na viazi vinavyolisha soko za Goma. Lakini chini yake ni mawe ya volkano yenye matundu. Mvua ikinyesha, maji yanazama. Hakuna mto. Watu wanakinga maji ya mvua kwenye paa la manjanja na kuyaweka ndani ya siterni. Mwenye siterni kubwa ni mtu mwenye heshima.

Katikati ya mwezi wa saba 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi katika Rwanda na kushindwa kwa serikali iliyoyafanya, watu wapatao 850.000 waliingia upande wa Goma kwa siku chache tu. Kati yao walikuwa askari na wanamgambo walioua, na walikuwa pia jamaa za kawaida, wazee na watoto wachanga. Kambi zilifunguliwa Mugunga, Katale, Kahindo na Kibumba. Kati ya hizo Kibumba ilijulikana kwa ukosefu wa maji; ilibidi yaletwe kwa kamio kutoka mbali. Kipindupindu kiliingia na kuua maelfu na maelfu kwa majuma machache. Kambi ya Kibumba ilidumu hadi mwezi wa kumi 1996, vita viliposambaza watu wake.

Hayo yote mwanafunzi alikuwa ameyaandika katika aya moja ya kurasa zake 14. Lakini hakuwahi kujiuliza: wenyeji wa Kibumba wenyewe walikunywa nini?

Alirudi kwa direkta na karatasi mpya. Mahali: grupema ya Kibumba, chefferie ya Bukumu. Muda: tangu mwezi wa saba 1994 hadi mwezi wa kumi 1996. Watu: jamaa za wenyeji waliokuwa na nyumba karibu na kambi. Swali: walipata maji namna gani, na nani aliyakosa? Direkta alisoma, akachukua biki nyekundu, safari hii akakata tena. « Miaka miwili ni mingi. Baki na miezi sita ya kwanza. »

Kisha akamwuliza maswali matatu ya kupima mada. Nani bado yuko hai anayeweza kukujibu? Karatasi gani unaweza kushika kwa mkono wako? Na kitu gani kinaweza kukuonyesha kwamba umekosea? Kwa kazi ya vita vyote, mwanafunzi hakuweza kujibu hata moja. Kwa kazi ya maji, la kwanza lilikuwa rahisi: mashahidi walikuwa wamekaa hema kwa hema. Wazee wa Kibumba waliotawanyika juu ya milima sasa walikuwa wamekusanywa na vita mahali pamoja. Ni bahati ya uchungu, lakini ni bahati.

Kuuliza maswali kambini si mchezo. Mtu anayepita na kaye anaweza kudhaniwa anaandikisha majina kwa ajili ya msaada, au anapeleleza. Mwanafunzi alipata barua ya chuo, akaenda kwanza kwa presida wa komite ya kambi, akaeleza kazi yake mbele ya wazee. Hakuandika jina la mtu hata moja. Aliandika shahidi wa 1, shahidi wa 2, hadi wa 11. Hakuuliza mtu kabila lake. Hakuuliza nani aliua nani.

Na hapo aliona faida ya kwanza ya mada ndogo. Kulikuwa na papa mmoja mzee ambaye wakati wa kurasa 14 alikataa kabisa kusema naye. Aliulizwa juu ya vita, akajibu: « Mutoto wangu, hayo wachia wanasiasa. » Mwanafunzi aliporudi na kumwuliza tu, « Papa, mwaka wa 94 mulikuwa munachota maji wapi? », mzee alisogea, akampa nafasi kwenye kibao, akasema hadi jua likashuka. Alieleza uzito wa bido, njia ya kupitia, nani alibeba na nani alilipa. Vita vilikuwa ndani ya maneno yake yote, lakini hakuna aliyemlazimisha kuvitaja.

Faida ya pili ilikuja wakati mashahidi walipingana. Watatu walisema kamio za maji zilikuwa za wakimbizi tu, mwenyeji akisogea anafukuzwa. Wengine wawili waliapa kwamba jamaa zao zilikunywa maji ya kamio mwaka mzima. Mwanafunzi alitaka kuchagua upande uliokuwa na watu wengi. Direkta alimkataza. « Hii si kura. Uliza kila mmoja nyumba yake ilikuwa umbali gani na barabara. » Alirudi, akauliza, akachora ramani kwenye kaye. Wale wawili walikuwa wamekaa kando ya barabara, pale kamio ziliposimama, na watoto wao waliingia mstarini kama watoto wengine wote. Wale watatu walikuwa wamekaa juu, upande wa msitu. Wote watano walisema ukweli.

Ripoti za mashirika alizoweza kupata hazikumsaidia sana kwa jambo hilo. Zilihesabu wakimbizi, kamio na litri. Wenyeji hawakuwa wanahesabiwa. Kuhusu kuni kulikuwa na zaidi: zinaeleza jinsi miti ya mbuga ya Virunga ilivyokatwa kwa ajili ya kupikia makambini, na mwaka huohuo 1994 UNESCO iliiweka mbuga hiyo kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Mwanafunzi alivutwa sana na kuni. Alitaka kuongeza sura moja. Direkta alimwambia aandike neno « kuni » kwenye ukurasa wa mwisho wa kaye, kwa mtu mwingine au kwa siku nyingine.

Faida ya tatu haikuwa tamu.

Shahidi wa 4 alikuwa Tate. Mjukuu alimwacha karibu mwisho, kwa sababu alidhani anajua atakachosema. Katika kichwa chake, jamaa yake ilikuwa imeporwa: wakimbizi walikuja, wakamaliza maji, wakaharibu mashamba. Na kweli mashamba yaliharibika. Lakini alipouliza siterni ilikauka namna gani, Tate alisema: « Nililiuzisha. »

Alikuwa ameuza maji. Kwa feza za Rwanda, na feza zilipoisha, kwa vitu. Kikwembe kimoja, jembe moja. Mwanamke mmoja alikuja na mtoto mgongoni, hana feza wala nguo ya kutoa. Aliacha sufuria yake ya aluminiumu, akapewa bido mbili. Tate hakumwona tena. Akasema hayo, akaonyesha kwa kidevu sufuria iliyokuwa juu ya mafiga, ileile aliyoishika magotini juu ya chukudu. Bugali ya siku ile ilikuwa inaiva ndani yake.

Mwanafunzi hakuandika kitu siku hiyo. Kwa juma zima hakufungua kaye. Alifikiri kuacha mada hiyo, kurudi kwenye vita vyote, ambamo jamaa yake ni watu wa Kibumba walioteseka, basi. Katika mada pana hakuna aliyeuza bido mbili kwa sufuria. Kuna majeshi, tarehe na mikataba. Ukikata mahali, muda na watu mpaka mlango wa nyumba moja, unafika pia kwenye mkono wa mtu unayempenda.

Alimwendea direkta, akamweleza bila kusema shahidi ni nani. Direkta huenda alitambua, huenda hapana. Aliuliza tu: « Siterni ilikuwa na maji kiasi gani? » Mwanafunzi hakujua. « Basi bado haujamaliza kazi. Pima kwanza. »

Mjomba wake, aliyesaidia kuchimba siterni ile, alikuwa hema la nyuma. Alitoa vipimo bila kusita: mita 2 kwa mita 2, kina mita 1 na nusu. Hiyo ni litri 6.000, bido 300 za litri 20 ikiwa imejaa hadi juu. Lakini mwezi wa saba ni wakati wa jua. Mvua huacha mwezi wa sita na kurudi kuelekea mwezi wa tisa. Mjomba alikumbuka kwamba maji hayakufika hata nusu. Weka bido 150. Nyumba ya Tate ilikuwa na watu tisa na mbuzi, wanatumia bido tano kwa siku. Hata kama asingeuza wala kutoa hata tone, maji yale yangeisha baada ya mwezi mmoja, na mvua bado iko mbali.

Hesabu hiyo haikumsafisha Tate, wala haikumhukumu. Ilionyesha mwanamke aliyekuwa na mwezi mmoja wa maji, watoto saba nyumbani, na mamia ya watu mlangoni. Mwaka mzima wa kusoma juu ya vita haukuwa umempa mwanafunzi picha iliyo wazi kama hiyo. Aliandika yote: bei, jembe, kikwembe, sufuria. Aliandika pia kwamba mashahidi wanne kati ya 11 waliuza maji, na watano walisema walitoa bure hadi yakaisha. Wawili hawakuwa na siterni. Wao ndio waliokwenda kuchota mbali zaidi.

Kabla ya kupeleka kurasa alimsomea Tate sehemu ya shahidi wa 4, akamwuliza kama anaruhusu. Mama mzee alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: « Wacha ikae. Ila ongeza kwamba leo na miye ninauziwa maji. »

Aliongeza.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 mapigano yalifika Goma, na kambi za pembeni ya mji zikabaki tupu kwa siku chache. Jamaa hii nayo ilibomoa shitingi. Mashahidi 11 walitawanyika: baadhi walirudi Kibumba, wengine walikwenda Sake, wengine hawajulikani walipo. Papa yule wa kwenye kibao alifariki kabla ya hapo. Kama mwanafunzi angesubiri kumaliza historia ya miaka 30, asingepata tena nafasi ya kumwuliza.

Kaye zilitoka salama. Safari hii hazikuachwa chini ya kitanda. Zilifungwa katika plastiki na kuwekwa ndani ya sufuria ya Tate, kifuniko juu, kamba ikazungushwa.

Kwa wanafunzi wengine waliohama, ambao wanaombwa mada wakati huu na wanaona kila kitu kimeharibika, njia ya direkta huyu inaweza kufaa popote walipo, Minova, Bukavu, Beni au Kampala. Si lazima maji. Inaweza kuwa soko moja kwa mwaka mmoja. Inaweza kuwa shule moja iliyofungwa na mahali madawati yalipokwenda. Inaweza kuwa namna wapagazi wa chukudu wa mlima mmoja walivyolipwa. Kata mahali, kata muda, kata watu, na ubaki na swali ambalo hulijui jibu. Halafu uende kwa mzee aliye karibu nawe leo, kabla hajahamishwa tena.

Na kwa wazee: kijana akija na kaye kuuliza jambo dogo, kama bei ya bido au jina la njia, asifukuzwe kwa kudhani anacheza.

Kazi ina kurasa 52. Kichwa chake ni: « Maji katika jamaa za wenyeji wa Kibumba, mwezi wa saba hadi wa kumi na mbili 1994 ». Mwanafunzi amekwisha kuitetea mbele ya walimu watatu. Mmoja alilalamika kwamba mada ni nyembamba mno. Kopi moja imekaa katika maktaba ya chuo, ya pili iko Kibumba, kwa Tate, ambaye hajui kusoma. Anawaomba wajukuu wadogo wamsomee ukurasa wa shahidi wa 4, na wakikosea hesabu ya bido anawasahihisha.